Tulipomwondolea mama mzigo

Msumeno wa kukatia hogo, ile plasta ya kufungia mfupa uliovunjika, unatisha kwa mlio kuliko kwa makali. Mama alifumba macho, akanishika kidole gumba kwa mkono wake mzima, na kijana aliyekuwa akikata akambembeleza: "Tulia mama yangu, haka kanatikisika tu, ngozi hakaidhuru." Vumbi jeupe likarukia kitenge. Hogo likapasuka pande mbili kama ganda la karanga, na ndani yake ukatoka mkono ambao sikuutambua.

Ulikuwa mkono wa kushoto wa mama, uliokaa ndani ya lile gamba wiki 6. Ngozi imekauka na inabanduka vipande vyembamba, misuli ya chini ya kiwiko imekwisha, na kifundo kimekonda hata kidole gumba changu na cha kati vikakutana kukizunguka, nafasi ikabaki. Nikauweka kando ya mkono wa kulia. Mwili mmoja, miaka 71 ileile, chakula kilekile. Wa kulia bado ni mkono wa mtu aliyelima maisha yake yote. Wa kushoto ulikuwa kama wa kuazima.

Daktari akapachika picha mbili za eksirei kwenye taa, ya siku aliyoanguka na ya asubuhi hiyo. Ufa umeunga vizuri, tukamshukuru Mungu. Kisha akapitisha kalamu juu ya mifupa midogo ya kiganja na kwenye ncha za mifupa iliyo jirani na ufa, pale ambapo hapakuvunjika kitu. Kwenye picha ya kwanza ilikuwa myeupe. Kwenye ya pili imegeuka kijivu, kama maandishi ya chaki yaliyofutwa kwa kiganja yakabaki nusu. "Hii haikuumia," alisema. "Imekosa kazi tu." Akaongeza kwamba eksirei ya kawaida haionyeshi upungufu wa mfupa mpaka karibu theluthi ya madini yake iwe imeshaondoka.

Nafundisha fizikia kwenye sekondari hapa Mbeya. Habari za wanaanga wanaorudi duniani na mifupa iliyopungua nimezisimulia darasani mwaka hadi mwaka, wanafunzi wakishangaa na mimi nikifurahia kushangaa kwao. Mpaka niliposimama mbele ya zile picha mbili ndipo nikaelewa kwamba jambo lililoupata mkono wa mama kwa wiki 6 lilikuwa limeanza kumpata mama mzima miaka 2 nyuma, tangu siku tuliyompakia kwenye gari kumtoa Rungwe.

Mama ameishi kwenye mteremko tangu azaliwe. Nyumbani kwetu ni juu ya Tukuyu, upande wa Mlima Rungwe, mahali ambapo kwenda kisimani ni kushuka na kurudi ni kupanda, na mvua hainyimi mwezi wowote. Akienda shambani alibeba jembe na samadi, akirudi alibeba kuni au majani ya ng'ombe. Siku ya gulio mkungu wa ndizi ulishuka naye mpaka barabarani, kusubiri gari la Kiwira. Ngata alisuka mwenyewe kwa majani makavu ya migomba. Ikichakaa anasuka nyingine, jioni, huku akizungumza na watu, bila hata kuitazama mikono yake.

Baba alipofariki tulikaa kikao sisi watoto 5, na jambo la mama halikumaliza hata nusu saa. Mama ametumika vya kutosha, sasa apumzike. Nilikuwa na nyumba Isyesye, hapa Mbeya, yenye maji ndani, jiko la gesi na choo cha ndani, nikamchukua kwa moyo mweupe kabisa. Tukamnunulia kiti cha kuegemea. Tukamletea dada wa kazi. Akishika ufagio, mke wangu anauchukua kwa upole: "Mama, tuachie sisi." Akitaka kwenda dukani kufuata chumvi, mjukuu anatumwa mbio. Ngata aliyokuja nayo kutoka kijijini ilikaa wiki kadhaa nyuma ya mlango wa stoo, kisha ikatupwa na takataka, kwa kuwa hakuna aliyeona ina kazi gani tena. Baridi ya Juni ilipoingia, ile ya Mbeya inayovalisha watu makoti sebuleni, hakutoka nje kabisa.

Kuna jioni alisema, "Siku hizi najiona mwepesi, kama mtu aliyetoka kuumwa." Tukalipokea kama habari njema.

Alianguka kwenye kizingiti cha bafu. Hakuanguka kutoka mtini wala ngazini. Aliteleza akiwa amesimama, akatanguliza mkono, na kifundo kikavunjika. Kule kijijini ameteleza kwenye tope la mteremko mara nyingi mno, tena na mzigo kichwani, akainuka, akakung'uta gauni na kuendelea na safari.

Nirudi darasani kidogo, kwa sababu bila hapo jambo hili halieleweki. Kila mwaka nauliza kwa nini mwanaanga anaelea, na jibu hutoka kwa sauti moja: huko juu hakuna mvutano wa dunia. Basi nachukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, natoboa tundu kwa msumari karibu na kitako, najaza maji na kupanda nayo ghorofani, darasa zima likiwa chini uwanjani. Nikiishikilia, maji yanachuruzika tunduni. Nikiiachia, mchirizi unakatika palepale. Njia nzima mpaka chini halitoki tone. Maji hayajaacha kuvutwa na dunia. Mvutano ndio unaoyaangusha. Yaliyopoteza ni kitu cha kugandamiza, kwa kuwa chupa nayo inaanguka pamoja nayo kwa mwendo uleule.

Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi juu yetu, karibu nusu ya safari ya basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam. Hapo mvutano wa dunia bado ni kama sehemu 9 katika 10 za huu tulio nao hapa chini. Lakini kituo kinakwenda kilomita 28,000 hivi kwa saa, kinaanguka kuizunguka dunia bila kuifikia, mzunguko mmoja kila dakika 90 au zaidi kidogo, na watu waliomo wanaanguka nacho. Kwa hiyo miguu yao haigandamizi kitu. Hakuna sakafu inayowasukuma kutoka chini, na mfupa wa paja hauna wa kumbeba.

Yanayofuata yamepimwa kwa miongo mingi. Mwaka 1973 na 1974 Wamarekani walipeleka makundi matatu kwenye kituo cha Skylab, yakakaa siku 28, 59 na 84. Chakula kilipimwa, mkojo ukakusanywa, kinyesi kikarudishwa duniani. Kalsiamu kwenye mkojo ilipanda ndani ya wiki za mwanzo. Mfupa wa kisigino ulipungua, lakini mifupa ya mkono haikupungua. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilipita juu juu. Sasa naliona ndilo lenye maana kuliko yote, kwa sababu angani mikono inaendelea na kazi, inavuta, inasukuma, inashika, na miguu ndiyo iliyoachishwa. Upungufu ukaenda palepale kazi ilipokoma. Hesabu inayotajwa siku hizi ni asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa kwa kila mwezi, kwenye nyonga na sehemu nyingine zinazobeba mwili. Mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza kiasi kama hicho kwa mwaka. Nao hao ni watu waliochujwa kwa afya, wengi wakiwa na nguvu kutushinda sisi tuliobaki.

Tena si lazima roketi. Huko Ujerumani na Ufaransa watu wazima wenye afya hujitolea kulala kitandani siku 60, kichwa kikiwa kimeinamishwa nyuzi 6 chini ya miguu. Wanakula wamelala, wanaoga wamelala, hata haja wanamalizia hapohapo. Mifupa yao ya miguu inapungua kama ya wanaanga. Watafiti wametafuta namna ya kuiga safari ya angani hapa duniani, na walichopata ni kumlaza mtu. Nilipofika hapo niliifikiria ile nafasi ya mama mbele ya televisheni, na kile kiti tulichochanga fedha kukinunua.

Shida yetu nadhani inaanzia kwenye kuuona mfupa kama mti mkavu. Tunauona kwenye supu, umekufa, mgumu, mweupe, tunadhani na ndani yetu uko hivyo. Mfupa wa mtu aliye hai una damu, una seli, na kila mwaka karibu sehemu 1 katika 10 ya mifupa yote ya mtu mzima inabomolewa na kujengwa upya. Wabomoaji wanaitwa osteoklasti na wajenzi wanaitwa osteoblasti. Mvunjiko wa mtu unaunga kwa sababu ya hawa, na uzee wa mfupa ni pale wabomoaji wanapowatangulia wajenzi.

Ila wanaoamua nani afanye kazi ni kundi la tatu, osteositi, ambao ndio wengi kuliko wote. Hawa wamezikwa ndani ya mfupa wenyewe, kila mmoja kwenye kishimo chake, wameshikana mikono kupitia mifereji myembamba ajabu, na mifereji hiyo ina majimaji. Unapokanyaga chini kwa kisigino, mfupa wa mguu unapinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Upindaji huo unasukuma majimaji ndani ya mifereji, na osteositi wanausikia ule mwendo. Mama alipokuwa akishuka na mkungu wa ndizi kwenye ile njia yetu ya mawe, kila hatua ilikuwa taarifa iliyofika kwenye mamilioni ya vishimo: hapa panabebwa, pasibomolewe.

Taarifa ikikatika, osteositi wanamwaga zaidi protini iitwayo sklerostini, inayowazuia wajenzi, na wakati huohuo wanawaita wabomoaji. Protini hii ina historia inayogusa bara letu. Huko Afrika Kusini kuna familia za Makaburu ambazo baadhi ya watu wake huzaliwa wakiwa hawaitengenezi kabisa. Mifupa yao inanenepa na kuwa mizito kiasi kwamba ni nadra kuvunjika, lakini wanapata mateso makubwa, kwani mifupa ya fuvu inabana mishipa ya fahamu ya uso na masikio. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2001. Kutokana na mateso yao wanasayansi wakapata wazo la kuizuia protini hiyo kwa wazee wenye mifupa dhaifu, na dawa ya namna hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2019.

Kwamba mfupa hufuata mzigo ni jambo lililoandikwa zamani, na daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, mwaka 1892. Jaribio linalonipendeza ni la mwaka 1984. Clinton Rubin na Lance Lanyon waliutenga mfupa wa bawa la jogoo usipate mzigo wowote, kisha wakaupinda kwa mashine mara chache kila siku. Usiopindwa ulikonda. Uliopindwa mara 4 tu kwa siku haukupungua. Uliopindwa mara 36 ulinenepa. Na uliopindwa mara 1,800 haukuushinda ule wa mara 36. Nilikaa muda mrefu na hesabu hiyo, nikihesabu hatua kutoka chumbani kwa mama hadi bombani uani. Mara 36! Mfupa hauombi utumwa wa kutwa nzima. Unaomba kuguswa kwa nguvu ya kutosha, kwa mwendo unaokuja na kuondoka. Mzigo uliotulia tuli haufanyi kazi hiyo.

Sasa nije kwenye maziwa, kwa sababu hapa ndipo tulipojidanganya kwa nia njema. Mama hakukosa chakula kwangu. Maziwa asubuhi na jioni, mazuri, ya Rungwe kwao. Dagaa wa Nyasa waliotoka Kyela, wanaoliwa na mifupa yao. Vidonge vya kalsiamu kutoka duka la dawa. Nilipoona picha ya pili nikamwuliza daktari, tena kwa uchungu, hayo yote yalikwenda wapi.

Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Ile kidogo iliyo kwenye damu inalindwa isipande wala kushuka, maana moyo na misuli vinaitegemea. Mfupa usiobeba unapoanza kubomolewa, kalsiamu yake inaingia kwenye damu. Mwili unaona damu imetosheka. Tezi za parathiroidi zilizo shingoni zinapunguza homoni yake, figo zinaiachia kalsiamu itoke na mkojo, vitamini D haigeuzwi kwa wingi kuwa ile hali yake inayofanya kazi, na utumbo nao unafunga mlango. Kalsiamu ya maziwa inafika utumboni, inakuta haihitajiki, inapita. Ni sawa na kumwaga mchanga na saruji kiwanjani wakati fundi umemrudisha kwao. Vifaa ni vya lazima, hakuna ukuta bila saruji, lakini ukuta hauinuki kwa sababu saruji imefika. Kwenye zile tafiti za kitandani kuongeza kalsiamu peke yake hakukuzuia upungufu. Wanaanga wenyewe wanaonywa kuhusu mawe kwenye figo, kwa kuwa mfupa wao unapita humo ukielekea chooni.

Vitamini D ilikuwa na lake pia. Kituoni wanaanga wanaimeza kama kidonge, maana jua la madirishani haliwafikishii mionzi inayoitengeneza kwenye ngozi. Utafiti mmoja uliofanywa hapa Tanzania kwa Wamasai na Wahadza, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiwango kizuri sana, kwa watu wanaoshinda nje. Mama alikuwa mtu wa namna hiyo. Sisi tukamweka kwenye jua la dirishani, akiota joto nyuma ya kioo, na kioo kinazuia mionzi ileile inayotakiwa.

Na siku ile ya hogo walimpima sukari, ikaonekana imepanda kuliko alivyozoea. Hili nalo ni tawi la mti uleule. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya chakula, na misuli iliyokaa bure inaacha kuisikiliza insulini. Kwa watu waliolazwa kwa utafiti, vijana wasio na ugonjwa wowote, badiliko hilo huonekana ndani ya siku chache.

Huko angani wamejifunza kwa gharama kubwa nini kinasaidia. Kukimbia kwenye mashine huku umefungwa mikanda inayokuvuta chini kunasaidia kiasi. Baiskeli ni nzuri kwa moyo, mfupa haiusaidii sana. Mashine ya kwanza ya kunyanyulia ilifika kwenye kilo 136, ikawa haitoshi. Mwaka 2008 ikapelekwa nyingine inayofika kilo 272, inayotumia mitungi isiyo na hewa ndani yake, kwa kuwa chuma cha kunyanyua hakina uzito kule. Waliotumia hiyo, wakala vizuri na kupata vitamini D, walirudi na mifupa iliyotunzwa vizuri zaidi. Mazoezi huchukua kama saa 2 na zaidi kila siku. Wengine wameongezewa dawa ya alendronate, inayowazuia wabomoaji, kidonge kimoja kwa wiki. Hata hivyo utafiti wa wanaanga 17, uliochapishwa mwaka 2022, uliwapima mwaka mzima baada ya kurudi, na 9 kati yao mfupa wa muundi ulikuwa haujarudi ulivyokuwa. Kubomoa ni kwa miezi, kujenga ni kwa miaka.

Hapa naomba nieleweke. Siandiki kuusifu mzigo wa mwanamke wa nyanda hizi. Nimekua nikiona akina mama wakipanda kutoka bondeni na kuni kichwani, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na nyuma yao mwanamume mwenye panga tu mkononi. Mwaka 1986 watafiti walipima wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu, wakakuta kwamba mzigo wa kichwani unaofika sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu. Dunia ikastaajabu. Mimi nikilisoma hilo namkumbuka mama akijikanda shingo usiku kwa mafuta ya moto, maana mkungu mkubwa unapita sana hiyo sehemu moja ya tano. Kumpunguzia ilikuwa haki. Kosa letu ni kwamba tulimwondolea wote kwa siku moja, na hatukumwuliza upi angependa kubaki nao.

Tulianza upya na mkono. Dada wa fiziotherapia, msichana mdogo anayemsalimu mama kwa magoti hata kama hospitali imejaa, alimpangia kazi za nyumbani kwanza: kufunga na kufungua ngumi ndani ya maji ya uvuguvugu, kukamua kitambaa, kukanda unga. Baada ya wiki kadhaa kusukuma ukuta. Kisha chupa ya lita 1 ya maji, kisha mbili. Kwa mwili mzima akampa zoezi la kuinuka kitini bila kushika mikono, mara 10, asubuhi, mchana na jioni, na kupanda kile kimlima cha nyuma ya nyumba. Alimkataza kitu kimoja, kuinama na kunyanyua kizito kwa mgongo uliopinda. "Ndaga fijo, mwanangu," mama alimshukuru kwa Kinyakyusa, na njiani akaniuliza kwa nini haya hatukuyajua tangu mwanzo. Sikuwa na jibu.

Daktari alimwandikia kidonge cha kila wiki, alendronate ileile. Kinanywewa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji mengi, na baada yake ni marufuku kulala au kuketi kivivu kwa nusu saa, kisije kikaunguza koo. Mama hakuwa na la kufanya kwenye nusu saa hiyo, akaanza kuzunguka uani. Akaona kona ina udongo mzuri. Jumapili ya tatu nikakuta matuta 4, na jembe dogo ambalo sijui lilitoka wapi. Mke wangu alinyanyua mdomo kusema, nikamshika mkono.

Kiti cha kuegemea kimehamia chumbani kwangu. Mama anafagia uwanja wake asubuhi na hatuingilii. Maji ya kumwagilia mboga anayabeba mwenyewe, ndoo ndogo ya lita 5, akibadilisha mikono. Kuna siku mvua inanyesha na anashinda ndani, na siku hizo anainuka na kuketi mara 10, mara 10, akihesabu kwa Kinyakyusa.

Miezi 8 baada ya lile hogo tulirudi kupiga picha. Daktari aliiweka ya tatu kando ya zile mbili. Weupe umerudi kwenye ncha za mifupa, haujawa kama wa picha ya kwanza, lakini vile vifupa vya kiganja vimekuwa na kingo zinazoonekana. Mama aliomba ashike picha mwenyewe, akaielekeza dirishani, akaitazama kwa muda.

Tukapitia soko la Uyole kununua viazi na ndizi. Nikaita kijana wa kubeba, akatwaa debe la viazi. Nikanyoosha mkono kuchukua kile kimkungu cha ndizi, kidogo, cha kilo 6 au 7. Mama alikwisha kukifikia. Alifungua kanga yake kiunoni, akaipindapinda, akaizungusha, akaikalisha kichwani bila kuitazama mikono. "Nitwike," alisema. Nikamtwika.